Flashi Ikitoka Kichwani mwa Kamera

Picha ya flashi iliyopigwa nyumbani hujitambulisha yenyewe. Paji la uso na ncha ya pua vimepasuka weupe, mashavu yamepauka, macho mekundu, na ukutani nyuma ya shangazi kimesimama kivuli kizito chenye ukingo mkali. Wengi wakishaona hivyo huizima flashi na kumsogeza mtu dirishani. Dirisha ni mwalimu mzuri, sikatai. Lakini jua likizama halina msaada tena, na shughuli zetu nyingi za kifamilia hukolea baada ya magharibi.

Flashi inalaumiwa bure. Kinachoharibu picha ni mahali ilipokaa, sentimita chache tu juu ya lenzi, pamoja na udogo wa kioo chake. Ihamishe, uikuze, na chombo kilekile kitatoa picha ambayo shangazi mwenyewe ataomba itundikwe sebuleni. Kwa nyuso zetu sisi weusi kuna jambo moja zaidi la kuelewa, na vitabu vingi vya fani hii havilisemi kwa sababu viliandikwa na watu waliozoea kumulika ngozi nyeupe.

Mwanga ukigonga ngozi hugawanyika. Sehemu ndogo, takriban asilimia 4 au 5, hurudishwa papo hapo na uso wa nje wa ngozi. Sehemu hiyo haichagui kabila wala rangi: ni ileile kwa Mmakonde, Mhindi na Mzungu, nayo hubaki na rangi ya taa iliyoitoa. Mwanga uliobaki hupenya ndani, ukazungukazunguka, mwingine ukanyonywa na melanini na mwingine ukarudi nje ukiwa umebeba rangi ya mtu. Kwa mtu mweupe, unaorudi kutoka ndani ni mwingi hata ule mng'ao wa juu unamezwa. Kwa mtu mweusi unaorudi kutoka ndani ni mchache, hivyo mng'ao wa juu unakuwa sehemu kubwa ya kile ambacho jicho, na kamera, vinakiona.

Hapo ndipo njia zinapoachana. Anayemulika uso mweupe huuchonga kwa vivuli. Hutafuta upande upi wa pua uwe na giza. Uso mweusi huchongwa zaidi na mng'ao: mstari unaopita juu ya mfupa wa shavu, ukingo wa taya, mgongo wa pua, mviringo wa bega. Swali la kwanza la mpigapicha basi ni mng'ao utakaa wapi na utakuwa mpana kiasi gani. Na mng'ao si kitu kingine bali taswira ya taa yenyewe ikijitazama kwenye ngozi. Taa ndogo hutoa doa dogo kali. Taa yenye upana wa shuka hutoa mng'ao mpana, laini, ambao ndani yake rangi ya ngozi bado inaonekana.

Kwa sababu hiyo siwapendi sana wapambaji wanaompaka bibi harusi poda mpaka uso ukauke kabisa. Poda kidogo kwenye paji na kando ya pua inatosha. Uso mweusi ulionyang'anywa mng'ao wote hutoka bapa, na hakuna taa itakayourudishia umbo. Mafuta kidogo ya mgando mashavuni na kwenye mabega mara nyingi husaidia kuliko poda.

Sasa tuifahamu flashi yenyewe. Mwaka 1887 Wajerumani Adolf Miethe na Johannes Gaedicke walitangaza unga wa magnesiamu uliochanganywa na kemikali za kuuchochea, ukawa unalipuliwa kando ya kamera. Chumba kilijaa moshi, na wapo walioungua. Zikaja balbu zinazotumika mara moja na kutupwa. Katika miaka ya 1930 Harold Edgerton, wa chuo cha MIT huko Marekani, akaiendeleza flashi ya umeme, na ndiyo tuliyonayo hadi leo: betri ndogo zinajaza kapasita kwa umeme unaoweza kupita volti 300, kisha umeme huo unaachiliwa kwa mkupuo ndani ya mrija wenye gesi ya zenoni. (Ikiharibika usiifungue kwa bisibisi. Kapasita huweza kushikilia umeme hata betri zikiwa zimetolewa.)

Mkupuo huo ni mfupi kuliko watu wanavyodhani. Flashi ndogo ya kuchomeka juu ya kamera, ikitoa nguvu zake zote, humaliza kazi kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Ikipunguzwa hadi robo au moja ya nane, huwa fupi zaidi, sehemu moja tu ya maelfu ya sekunde. Kutokana na ufupi huo linazaliwa jambo ambalo mwanafunzi akilielewa ameshavuka mto: kila picha ya flashi ni picha mbili zilizolaliana. Moja imetokana na mwanga uliokuwepo, wa balbu au wa anga. Nyingine imetokana na flashi. Muda wa shata hutawala ile ya kwanza peke yake, kwa kuwa flashi huwaka na kuzima shata ingali wazi, iwe imefunguka kwa 1/30 au 1/200 ya sekunde. Tundu la lenzi na ISO, yaani wepesi wa kamera kuuhisi mwanga, hutawala zote mbili. Nguvu ya flashi na umbali wake hutawala ya pili tu.

Mpeleke mama barazani wakati wa magharibi uone. Mmulike kwa flashi iliyo pembeni, na shata iwe 1/200. Uso umetoka vizuri, anga nyuma yake ni ya buluu nzito karibu na usiku. Usiguse kitu kingine. Teremsha shata hadi 1/50. Uso haujabadilika, lakini anga imepata mwanga mara nne zaidi na wekundu wa machweo umerudi. Teremsha tena hadi 1/15 na hata balbu ya jirani itaonekana, ila mama asitikisike. Jaribio hili huchukua dakika chache na hufundisha kuliko mihadhara. Ukipandisha shata kupita kasi ambayo kamera yako inapatana na flashi, kwa kamera nyingi 1/200 au 1/250, utaona utepe mweusi ukikata picha. Hakuna kilichoharibika: pazia la pili la shata lilishaanza kufunga wakati flashi inawaka.

Kwa majaribio ya ndani huhitaji studio. Unahitaji kamera, flashi moja yenye sehemu ya kuirekebisha kwa mkono, triga mbili za redio ili iwake ikiwa mbali na kamera, shuka jeupe, na ndugu asiye na haraka. Chagua mtu mwenye kazi mkononi. Mama mdogo anayesuka ukili au babu anayetega redio atakuvumilia kuliko aliyeketishwa kitini akaambiwa atulie. Kamera na flashi zote ziwe kwenye herufi M, ili kila badiliko liwe lako na si la mashine.

Tundika shuka ubavuni mwa mtu, kama mita moja kutoka alipo. Weka flashi nyuma ya shuka, mita nyingine moja, ili mwanga upate nafasi ya kutawanyika na kulijaza. Anza na ISO 400, tundu f/5.6, shata 1/160, nguvu ya flashi moja ya nane. Ikitoka giza ongeza nguvu, ikipasuka punguza. Sasa taa yako haina tena ukubwa wa kiberiti. Ina ukubwa wa shuka.

Piga ya kwanza shuka likiwa ubavuni kabisa. Kisha lizungushe lielekee mbele ya mtu, na baadaye lirudishe nyuma kidogo ya bega lake, na kila mara tazama shavu. Kwenye uso mweusi, mahali pa kupendeza zaidi mara nyingi ni pale shuka linapokuwa ubavuni na kuanza kuingia nyuma, kwa sababu mng'ao hufuata kanuni ya kioo: mwanga huondoka kwa pembe ileile ulioingilia, na mfupa wa shavu umeinama hasa kuelekea huko. Upande wa pili utakuwa na giza. Ukikusumbua, mtu ashike karatasi ya manila nyeupe karibu na shavu hilo, au mwekee sinia kubwa la alumini. Mimi humwachia giza nusu. Uso uliojazwa mwanga pande zote hupoteza siri yake.

Shuka lenye maua huupa mwanga rangi zake, na chandarua hakifai kama watu wanavyofikiri. Mwanga mwingi hupenya kwenye matundu ya chandarua bila kutawanyika, isipokuwa ukikikunja mara kadhaa. Na kikiwa cha buluu, mtoto mzima wa afya atatoka na sura ya mgonjwa wa homa. Hali ni hiyohiyo ukigeuza kichwa cha flashi kimulike ukuta ili mwanga urudi ukiwa mpana. Mbinu ni nzuri sana, hasa kwa watoto wanaokimbia, maana chumba kizima kinakuwa taa. Lakini nyumba zetu zimepakwa kijani, pinki na samawati, na ukuta huazima rangi yake kwa kila anayeketi karibu. Mabati yasiyo na dari hayasaidii: yako juu mno, na migongo yake hurudisha mwanga vipandevipande. Hapo bandika manila mbili tatu ukutani, mambo yanyooke.

Umbali kati ya taa na mtu ndio mpini wa pili. Ukiuongeza mara mbili, mwanga unaomfikia mtu hubaki robo. Ukiuongeza mara tatu hubaki moja ya tisa. Wapigapicha wengi huijua kanuni hii kwa kichwa na kuisahau kwa mikono. Mweke mtu mita moja kutoka kwenye taa, na ukuta uwe mita mbili nyuma yake: ukuta unapata moja ya tisa ya mwanga wake, unazama gizani, hata kama ni mweupe na una kalenda ya mwaka juzi. Mrudishe mtu huyohuyo mita nne kutoka kwenye taa, ukuta ukibaki mita mbili nyuma yake, na ukuta sasa unapata karibu nusu ya mwanga wake, kalenda inasomeka. Hukununua kitambaa cheusi, ulisogeza taa tu.

Kwa kundi mambo yanageuka. Wajukuu waliopangwa mstari, wa kwanza akiwa mita moja kutoka kwenye taa na wa mwisho mita mbili, wanapishana mwanga mara nne, na wa mwisho atalalamika kwamba amefichwa. Isogeze taa mpaka wa kwanza awe mita nne na wa mwisho mita tano. Tofauti inapungua hadi theluthi moja hivi, na macho hayaioni. Gharama yake ni nguvu ya betri. Kwa kazi hiyo tumia betri za kuchaji za NiMH, ambazo huijaza flashi upesi kuliko zile za kutupa, kwa sababu zina uwezo wa kutoa umeme mwingi kwa mara moja.

Na wajukuu hao hawana rangi moja. Kwenye familia zetu, hasa za pwani, utakuta maji ya kunde, mweusi ti na mwenye asili ya Uarabuni, wote tumbo moja. Usiwapange kwa urefu pekee. Mweusi zaidi akae upande wa karibu na taa, mweupe zaidi upande wa mbali, kanuni ya umbali ifanye kazi ya kuwasawazisha.

Babu aliyevaa kanzu nyeupe ni mtihani mgumu kuliko kundi zima. Ukiiachia flashi ijipime yenyewe, kwa mfumo unaoitwa TTL, kamera hulenga kukifanya kila ilichokiona kiwe cha kijivu cha wastani. Ikiona kanzu imejaa kwenye picha, inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na uso wa babu unazama. Mpige huyohuyo akiwa na koti jeusi mbele ya ukuta wa giza, na kamera itaongeza mwanga mpaka ngozi yake igeuke majivu. Kosa ni moja, limeelekea pande mbili. Pima kwa ajili ya uso, basi. Kisha inua taa na uielekeze juu kidogo ya kichwa chake, ili kiini cha mwanga kipite usoni na kanzu ibakiwe na ukingo hafifu. Kanzu ikipoteza mikunjo michache haidhuru. Babu akipoteza macho, picha imekufa.

Kuhusu macho, wekundu hutokea flashi ikiwa karibu sana na lenzi: mwanga huingia kwenye mboni iliyopanuka gizani, ukagonga utando wa nyuma wenye damu, ukarudi moja kwa moja kwenye kamera. Flashi ikikaa pembeni, tatizo huisha. Lakini kuna rangi nyingine ambayo mzazi hapaswi kuipuuza. Mboni ya mtoto ikionekana nyeupe au ya njano kwenye picha ya flashi, hasa jicho moja tu, huenda ni pembe ya mwanga, huenda ni mtoto wa jicho, na huenda ni retinoblastoma, saratani ya jicho inayowapata zaidi watoto walio chini ya miaka mitano. Ikionekana zaidi ya mara moja, mpeleke hospitali ya macho bila kusubiri. Kwa Dar es Salaam ipo CCBRT, Moshi ipo KCMC, na Kenya ipo hospitali ya macho ya Kikuyu. Ugonjwa huo ukiwahiwa hutibika, na mara nyingi picha ya nyumbani ndiyo iliyoutambulisha.

Miwani ni jambo la dakika moja: pandisha taa juu zaidi, na inua kidogo mikono ya miwani nyuma ya masikio ili vioo viiname chini.

Rangi ya mwanga inahitaji uangalifu zaidi. Flashi hutoa mwanga wa takriban nyuzi 5,500 za Kelvin, karibu na jua la mchana. Balbu ya njano ya sebuleni iko kwenye 2,700 au 3,000, na taa ya chemli iko chini zaidi. Ukizichanganya bila kufikiri, uso wa bibi utakuwa wa buluu na ukuta nyuma yake wa rangi ya chungwa. Funika kioo cha flashi kwa plastiki ya rangi ya chungwa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, kisha iambie kamera kwamba mwanga wote ni wa balbu. Zote mbili zitakuwa na lugha moja. Wakati mwingine mimi huacha plastiki hiyo iwe hafifu kwa makusudi, chumba kibaki na ujoto wake na bibi aonekane amekaa nyumbani kwake.

Na bibi, mkimuuliza, hatataka picha ya kichwa pekee. Atataka kanga yote ionekane, viatu vionekane, asimame wima mikono ikiwa imetulia. Ana haki, na ana mapokeo nyuma yake: studio kama Capital Art ya Zanzibar, iliyofunguliwa mwaka 1930, zililea vizazi vilivyojua kwamba kupigwa picha ni kujitokeza ukiwa mzima. Kwa picha hiyo shuka la ubavuni halimfikii hadi miguuni. Taa irudi nyuma mita tatu, ipande juu, na makunyanzi yake yaulizwe yeye mwenyewe: taa ya ubavuni huyakoleza, ya mbele huyalainisha. Wapo mabibi wanaoyaringia na wapo wasiotaka kuyasikia.

Nisieleweke kwamba flashi ya moja kwa moja ni dhambi. Malick Sidibé wa Bamako, Mali, alizunguka na flashi yake kwenye dansi za vijana katika miaka ya 1960, akaimulika miili iliyolowa jasho, na ukali ule ukawa ndio uhai wa picha. Mwaka 2007 maonyesho ya Venice yalimtunuku Simba wa Dhahabu. Mwenzake wa mji huohuo, Seydou Keïta, alipendelea mwanga wa mchana uani, na watu wake wametulia kwa heshima. Ukitaka ngoma ya mtoto wa kaka yako ionekane imechemka, mulika usoni bila woga. Ukitaka baba aonekane ni baba, tundika shuka.

Wenye simu wajue kuwa taa yake ni LED ndogo ambayo haina mkupuo wa flashi ya zenoni. Inamulika kidogo kwa muda mrefu, kwa hiyo mtu akitikisika picha inatoka na ukungu. Izime. Chukua simu ya pili, washa tochi yake, imulike manila nyeupe iliyo ubavuni mwa mtu, karibu kadiri iwezekanavyo. Kanuni za mng'ao na umbali ni zilezile.

Picha ikishakamilika bado inaweza kuharibikia kwa anayechapa. Kwa miongo kadhaa maabara za rangi zilirekebisha mashine zao kwa kadi za Kodak zenye mwanamke Mzungu, zikaitwa kadi za Shirley. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo, na miaka ya 1990 ndipo zikaja kadi zenye wanawake wa rangi tofauti. Mashine za sasa ni nyingine, lakini nyingi bado huja na marekebisho ya kujiendesha ambayo huona uso mweusi na kudhani picha imekosa mwanga. Mwombe fundi ayazime, achape moja ndogo kwanza, muitazame nje kwenye kivuli cha mchana, mwenye picha akiwepo. Ikitoka nyeupe kuliko mkono wake, irudisheni ichapwe upya kabla hamjalipia ile kubwa.